Ng'ombe Niliowahesabu Mara Mbili

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Neno hilo si langu, ni la Bi Maka. Siku niliyokuwa nikipanga vitu vyangu kwenye katoni ya majani ya chai, alisimama mlangoni na gambuti zake, akasema, "Haya, mstaafu. Hawajakupa saa ya ukutani?" Nikamwambia ni mkataba tu umeisha, na watu wa mkataba hawastaafu. "Mtu akiondoka kazini amechoka hivi, amestaafu," akasema. Akashika katoni upande mmoja, mimi nikashika wa pili, tukaitoa nje.

Nawaandikia ninyi mtakaokalia dawati la takwimu pale Garsen. Nasikia nafasi imebadilishwa jina na sasa inataka shahada, kwa hiyo mtakuwa mmesoma kunizidi na mambo ya fomula sitathubutu kuwafundisha. Nataka kuwaeleza kosa moja. Ni langu, na lilibakiza siku chache tu liingie kwenye sheria. Kosa likishaingia kwenye sheria halibaki kuitwa kosa, huitwa lengo. Hii ni mara ya nne naiandika barua hii na bado aya hii hainiridhishi, lakini mkingoja ya tano nanyi mtastaafu kabla hamjaisoma.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasorobo, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Nilikaa kwenye kizingiti nimekumbatia bahasha ya vyeti vyangu viwili. Mlinzi akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuandikisha kifo, kwa kuwa huo ni mlango wa pili. Nikasema hapana, nimekuja kuhesabu gesi. Alinitazama kama mtu anayejuta kuuliza, kisha akaniletea kiti.

Bosi alipofika alinionyesha meza, feni, na majalada matatu ya kijivu. Akanieleza kazi kwa sentensi chache, na sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Kaunti inatunga sheria ya tabianchi. Ndani yake patakuwa na jedwali, na ndani ya jedwali namba: leo eneo letu linatoa gesi joto kiasi gani, na kufikia mwaka fulani lazima ipungue kwa kiasi gani. "Wanasheria wana maneno, Lidia," akasema. "Lakini sheria bila namba ni hotuba. Wewe utatupa namba." Kisha akaenda mkutanoni, akaniacha na feni.

Sikuwahi kusoma chuo. Hilo niliwaambia tangu mwanzo, lakini nililisema haraka, kama mtu anayevuka barabara. Baada ya kidato cha nne nilifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi mjini Garsen, nikichapa barua za watu na tasnifu za wanafunzi. Majedwali ya kompyuta nilijifunza kwa kuchapa majedwali ya wengine na kujiuliza kwa nini hayajumliki. Mara moja nilichapa ripoti ya mtafiti kuhusu makaa, nikaona jumla yake imekosewa, nikamwonyesha. Hakufurahi. Lakini ndiye aliyewaambia watu wa kaunti kwamba pale Garsen kuna msichana anayejua kujumlisha. Hivyo niliajiriwa kwa sababu ya kosa la mtu mwingine, na kwa miaka mitatu niliishi kwa hofu kwamba siku moja mtu ataliona langu.

Hofu hiyo ilinifanya mfanyakazi mzuri kwa namna mbaya. Nilihakiki kila jumla mara nyingi. Nilisoma vitabu vya vipimo kwenye simu mpaka nikajua ng'ombe mmoja hubeua gesi kiasi gani kwa mwaka, na gunia la makaa ni miti ya kiasi gani. Jambo moja tu sikuwahi kulifanya. Sikuuliza maswali. Niliamini mtu mwenye shahada akiuliza anaonekana makini, na mimi nikiuliza nitaonekana nilivyo.

Aliyenifundisha kazi ya nje alikuwa Bi Maka, msaidizi wa daktari wa mifugo. Ni Muorma, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anayefunga buibui kiunoni na kupakia kisanduku cha barafu cha chanjo nyuma ya pikipiki. Alinichukua mara ya kwanza kwenda bara, upande wa machungani, mbali na mto, kwenye boma la Mzee Dhidha. Nilikuwa na fomu yangu. Tulipewa maziwa, tukasalimiana kwa mpangilio wote, halafu nikafungua kalamu.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee Dhidha aliweka kikombe chini. "Binti, wewe una meno mangapi?"

"Thelathini na mawili."

"Umehesabu?"

"Hapana, mzee."

"Lakini yapo?"

"Yapo."

"Basi na mimi, wapo."

Vijana wake walicheka wakiangalia kando. Bi Maka alikunywa maziwa yake kana kwamba hakusikia. Tulipokuwa tunarudi alisimamisha pikipiki ili nimsikie vizuri. "Mdogo wangu, kwetu mtu hataji idadi ya ng'ombe wake. Ukiitaja unaita jicho, au unaita mwizi, au unaita ukame, na siku mbaya huja wote watatu. Hata mke wake hajui. Pengine hata yeye hajui, anawajua kwa sura."

"Sasa nitahesabuje?"

"Mimi nahesabu chupa," akasema. Chupa moja ya chanjo ina dozi kadhaa, na kila dozi ni ng'ombe mmoja. Jioni ya kampeni anaokota chupa tupu, anazihesabu, anaandika daftarini. Hakuna aliyetaja kitu, hakuna aliyeulizwa, na bado tunajua. Nilifurahi sana. Nilihisi nimepewa ufunguo. Akaniazima madaftari yake mawili, lile la wadi za bara na lile la delta, huku chini kando ya mto, akisema, "Wenye ng'ombe waliniachia niwachanje wakiniamini mimi. Usiyatembeze." Nikaahidi.

Mwaka huo nilizunguka kuliko nilivyowahi kuzunguka maishani. Nilipima magunia ya makaa kando ya barabara kuu, ambako wauzaji waliniuliza kama mizani yangu ni ya kodi. Nilikwenda Bura nikakaa na wakulima wa mifereji, tukahesabu mifuko ya mbolea. Nilishuka vijiji vya mtoni, Wema na Hewani, kuuliza kuhusu pampu za dizeli, na misitu iliyofyekwa, na mashamba yanayochomwa kabla ya mvua.

Hewani ni kwetu. Pale anaishi Shangazi Marta, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Mto ulihama ukala shamba lake la zamani, mihindi na migomba yote, ndipo akafyeka kipande kipya pembeni ya msitu. Nilimfikia na fomu kama mkulima mwingine yeyote.

"Eneo ulilochoma msimu uliopita, shangazi?"

"Andika dogo."

"Siwezi kuandika dogo. Dogo kiasi gani?"

"Kwani wewe hukumbuki? Ulikuwa unanibebea maji."

"Lazima useme wewe, ni utaratibu."

"Tazama mtoto niliyemfuta makamasi," akamwambia kuku aliyekuwa karibu. "Sasa mimi ni utaratibu." Lakini alisema, na alisema kweli, na nikaandika. Kisha akanifungia samaki wa kukaanga kwenye jani la mgomba nikale njiani.

Jumla ilipokamilika niliihakiki mara kumi na moja. Namba zenyewe sitazitaja hapa, zilishanitesa vya kutosha. Itoshe kujua kwamba ng'ombe walikuwa juu, mbali sana. Walizidi makaa, walizidi pampu na mbolea, walizidi misitu na mashamba yanayochomwa. Nilipompelekea bosi alisema, "Hii ni safi," na nikatembea nyumbani nikilirudia neno hilo moja.

Mswada uliandikwa juu ya namba hiyo. Ulisema kila kundi litabeba mzigo wa kupunguza kwa kadiri ya sehemu yake. Na kwa kuwa sehemu ya ng'ombe ilikuwa kubwa hivyo, pakaingizwa kifungu cha malka. Malka ni njia ambazo mifugo hupita katikati ya mashamba kushuka mtoni kunywa. Wakati wa kiangazi hizo ndizo roho za ng'ombe. Kifungu kilisema malka zitafungwa kwa zamu na kundi litapita kwa kibali, ili idadi inayoingia delta ipungue kufikia lengo. Nilikisoma nikaona ni kikali, lakini nikajiambia namba ndiyo iliyosema, si mimi. Jihadharini na sentensi hiyo. Mkijikuta mnaisema, inukeni mezani mkaangalie kitu kwa macho.

Mimi sikuinuka. Nilitumwa. Kiangazi kilikuwa kimekaza na bosi alitaka picha za malka kwa ajili ya kikao cha maoni ya umma, kilichobakiza siku sita. Nikaenda na Bi Maka kwenye malka moja chini ya Wema, mchana wa jua kali. Ng'ombe walikuja wakiwa wamebana, vumbi mbele, harufu nyuma. Nyuma yao nikamwona Mzee Dhidha, yule wa meno, akitembea na fimbo mabegani.

"Huyu si wa bara?" nikamuuliza Bi Maka.

"Wa bara wakati wa mvua. Bara sasa kuna nini, mawe?"

Nikainua simu kupiga picha. Ng'ombe wa kwanza aligeuza kichwa na nikaona masikio yake. Wachanjaji hutoboa kitundu sikioni kuonyesha aliyekwisha kuchanjwa. Huyu alikuwa na tundu sikio la kushoto na tundu sikio la kulia. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nikashusha simu.

"Bi Maka. Kwa nini matundu mawili?"

"La kushoto ni homa ya mapafu. Hiyo tunachanja wakati wa mvua, wakiwa bara. La kulia ni miguu na midomo, tunachanja kiangazi wakishuka delta." Alinitazama. "Kwani wewe ulidhani ni ng'ombe wawili?"

Madaftari mawili, chanjo mbili, mwaka mmoja, ng'ombe walewale. Nilikuwa nimeyajumlisha. Jumla ilikuwa sahihi kabisa, ningeweza kuihakiki mara mia na ingebaki sahihi. Nusu ya wale ng'ombe hawakuwepo duniani.

Niliketi chini pale vumbini. Bi Maka alielewa polepole, nikimweleza vipande vipande, na nilimwona akifikia mahali ambapo mimi nilikuwa bado sijafika. "Lidia," akasema, na hakuwa akiniita hivyo mara nyingi, "wewe ni mtoto wa Hewani. Wewe ni mtu wa mashamba."

"Najua."

"Watasema binti wa wakulima amewahesabu ng'ombe wetu mara mbili ili malka zifungwe."

"Najua, dada."

"Na watauliza madaftari alipata wapi."

Ndugu zangu, kwetu hapa wakulima na wafugaji wameshauana kwa ajili ya njia ya maji. Siandiki zaidi kuhusu hilo, mnaojua mnajua. Nilikuwa nimeogopa miaka mitatu kwamba mtu atagundua sijasoma. Kumbe cha kuogopa kilikuwa kingine kabisa.

Nilimwomba Bi Maka anisamehe. Alikuwa akimwangalia Mzee Dhidha, aliyekuwa ameingia majini mpaka magotini pamoja na ng'ombe wake. "Swali moja tu," akasema. "Ungeniuliza swali moja, wakati wowote, hata kwa simu." Nikamwambia niliona haya. Akaninyoshea mkono. "Haya yako imekula malka nzima, mdogo wangu. Inuka, una nguo nyeupe."

Nilirudia hesabu kwa siku mbili. Ng'ombe walipopungua kwenye karatasi, sehemu za wengine zilipanda. Iliyopanda zaidi ni ile ya misitu ya kando ya mto inayofyekwa na mashamba yanayochomwa. Ni kusema, Hewani. Ni kusema, kipande cha Shangazi Marta. Nakiri kwamba nilipoona hivyo nililifunga jedwali nikalifungua upya, nikitumaini litabadilika.

Bosi hakunifokea. Ni mtu mwema, ila alikuwa na tarehe. "Mswada umeshachapishwa," akasema. "Kuna kifungu cha mapitio. Mwaka wa tatu tutarekebisha."

"Kwa miaka miwili malka zitakuwa zimefungwa, bosi."

"Kwa zamu."

"Ng'ombe hanywi kwa zamu."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Ukisema hadharani, hawataamini namba nyingine yoyote. Makaa, pampu, zote zitaanguka. Tutakuwa hatuna sheria kabisa. Umelifikiria hilo?" Nililifikiria. Alikuwa na haki, na ninyi mtakutana na haki ya namna hiyo mara nyingi, ndiyo maana nimeiandika. Nikamwambia siwezi kusimama kulieleza jedwali ambalo najua ni la uongo. Akasema, "Sijakukataza. Nimekuuliza kama umefikiria." Akaniachia dakika zangu kumi kwenye ratiba ya kikao kama zilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Wafugaji walikaa kulia karibu na mlango, wakulima kushoto, kama kawaida, bila mtu kuwapanga. Shangazi Marta alikuwa safu ya pili na kitenge chake cha kanisani, mjumbe wa kikundi cha kina mama wa Hewani. Alinipungia mkono. Mzee Dhidha alikaa mbele na fimbo katikati ya magoti. Bi Maka alisimama nyuma, ameegemea ukuta.

Nilikuwa nimeandika hotuba na kuirekebisha mara tisa. Niliposimama niliiweka karatasi mezani, nikasema bila hotuba. Nilisema namba ya ng'ombe si ya kweli. Nilisema nilijumlisha chanjo ya mvua na chanjo ya kiangazi, na kwamba ni ng'ombe walewale, wenye tundu kwenye masikio yote mawili. Nilisema madaftari yalikuwa sahihi na aliyeyaandika aliandika vizuri, aliyeyasoma vibaya ni mimi. Nilisema mimi natoka Hewani, na anayetaka kuamini nilifanya kusudi ana haki ya kuniuliza hapahapa.

Kisha Mzee Dhidha akasema, bila kusimama, "Kumbe mwaka mzima nilikuwa tajiri mara mbili, na hapana mtu aliniambia."

Upande wa kulia ulicheka, kicheko kizito, kisichokuwa cha furaha yote. Kijana mmoja wa kwao akasimama kwa hasira: "Na hii kifungu ya malka? Hiyo pia ni utani?" Nikamwambia kifungu kilitoka kwenye namba yangu, na namba ikianguka hakina pa kusimama. Nimeleta hesabu mpya na nitaisoma yote. Nikaisoma. Nilipofika kwenye misitu na mashamba sikuweza kuangalia safu ya pili.

"Ngoja," akasema Shangazi Marta. Alisimama. "Sasa sisi ndio tumepanda?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa sababu wao wameshuka."

"Kwa sababu wao hawakuwa juu hivyo tangu mwanzo."

"Mto umekula shamba langu, nimefyeka nipate kula, na wewe ulikula hapo. Unakuja mbele za watu kuniambia nipunguze." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningepumua. "Hayo ndiyo umejifunza kwenye hiyo kompyuta?" Akaketi, akakunja mikono juu ya mkoba, na hakunitazama tena mpaka kikao kikaisha.

Mzee Dhidha alipotoka alisimama mbele yangu. Nilidhani atanilaani. "Binti," akasema, "kuhesabu ng'ombe wa watu ni vibaya. Umehesabu, umeona?" Nikasema nimeona, mzee. "Lakini kurudisha wale hapana kuwepo, hiyo sijawahi kuona." Akatikisa kichwa, akaenda.

Alichokihofia bosi kilitokea nusu. Kwa majuma kadhaa kila mtu alitaka namba yake ipimwe upya. Wauzaji wa makaa walikuja ofisini na magunia yao wenyewe. Bura walituma mjumbe na orodha ya mbolea. Nilipima yote upya, safari hii nikiuliza kila nisichokijua, mpaka Bi Maka akanilalamikia kwamba sasa nauliza hata mvua inatoka wapi. Kwenye jedwali niliongeza safu moja ambayo wanasheria hawakuipenda, safu ya tusichokijua, kwa kila kundi. Walitaka kuifuta. Bosi, sijui kwa nini, akaipigania. Ipo. Mkiisoma mtaona mkono wake zaidi kuliko wangu.

Sheria ilipita. Kifungu cha malka hakimo. Mahali pake pana kifungu kuhusu msitu wa kando ya mto: hakuna kufyeka upya, na hakuna kuchoma shamba bila kibali, na kaunti iwasaidie wakulima kwa miche na mafunzo. Hilo la mwisho mlifuatilie, maana "iwasaidie" ni neno jepesi sana. Mkataba wangu uliisha miezi miwili baadaye. Sijui kama vinahusiana. Zamani ningekosa usingizi nikitafuta kujua.

Shangazi hakunisemesha msimu mzima. Salamu zake zilinifikia kupitia watu wengine. "Mwambieni yule karani kuna muhogo." Nilikuwa nauchukua muhogo nikiuona ni barua. Niliandika barua za kujibu, nyingi, nikizisahihisha mpaka zikawa hazisemi kitu, sikuzituma.

Wiki iliyopita nilikwenda Hewani bila fomu. Ni majira ambayo mashamba huwa meusi, na moshi huanza kuonekana ukiwa bado upande wa pili wa mto. La kwake halikuwa jeusi. Mabua ya mahindi yalikuwa yamekatwa na kulazwa mistari, mstari baada ya mstari, mpaka kwenye mti wa kwanza wa msitu. Alikuwa ameinama katikati, na panga, na kiuno chake nakijua, kinamsumbua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinuka. "Kazi hii ni mara tatu ya kuchoma. Uwaambie hao waliokutuma."

"Hakuna aliyenituma. Nimetoka kazini."

"Nimesikia. Maka alipita hapa." Alilaza bua moja, akalisogeza kwa mguu likae sawa na wenzake. Hapo nilielewa mikono yangu ilirithi wapi tabia ya kusahihisha. "Sasa niambie. Ile namba yetu, iliyopanda. Kwa hili shamba langu kutochomwa, imeshuka kiasi gani?"

Nilipiga hesabu kichwani. Nilitamani kumdanganya, na nilijua angejua. "Kidogo sana, shangazi. Kwenye jedwali haitaonekana. Pale mwishoni huwa tunakata zile desimali."

Alisimama polepole, mkono kiunoni, akalitazama shamba lake kutoka mwanzo wa mistari mpaka mwisho.

"Mnaikata?"

"Tunaikata."

"Basi wewe usiikate," akasema, akaenda kuleta kamba tulipime shamba.